Mkojo, mchanga na barafu: tunayoyaamini kuhusu konyeza

Mtu akitoka majini anapiga kelele, mguu umechorwa mistari myekundu, kila aliyeko ufukweni hugeuka mganga. Huyu anamwambia ajisugue mchanga. Yule anaagiza maji ya kisima. Wa tatu, kwa sauti ya chini kidogo, anasema atafutwe mtu wa kumkojolea. Wote wana nia njema, na wengi wao wamezaliwa na kukulia baharini. Wala si imani za pwani yetu peke yake: mwaka 1997 tamthilia ya Kimarekani ya Friends iliwaonyesha mamilioni ya watazamaji habari hiyohiyo ya mkojo, na hadi leo kuna Wamarekani wanaoishikilia.

Kosa linalojirudia ni kudhani kwamba konyeza ana mwiba, kwamba yeye ndiye anayechoma, na kwamba akishachoma shughuli imekwisha. Hana mwiba. Anachoma kwa seli, na seli hizo zina utaratibu wao ambao haumngoji mwenyewe atoe amri. Mtu akiuelewa utaratibu huo, sehemu kubwa ya ushauri wa ufukweni inaanguka bila kusukumwa. Kwa hiyo tuanze na dai linalohusu konyeza mwenyewe, kisha tuje kwenye dawa.

"Konyeza humchoma mtu akiudhiwa."

Konyeza hana ubongo wa kuudhikia. Ana mtandao wa neva uliotawanyika mwilini, unaomtosha kuogelea na kula. Kwenye minyiri yake, zile nyuzi zinazoning'inia chini ya mwavuli, kuna seli za kuchoma kwa maelfu, na ndani ya kila seli mna kifuko ambacho wanasayansi hukiita nematosisti. Ni kidogo mno. Vingi havifiki hata moja ya ishirini ya milimita. Ukuta wake umefumwa kwa kolajeni, na ndani yake kuna kemikali inayovuta maji kwa nguvu, ikiitwa poligamaglutamati. Katika hidra, jamaa mdogo wa konyeza anayeishi kwenye mabwawa na mito, watafiti wamekadiria kanieneo ndani ya kifuko kuwa kama mara 150 ya kanieneo ya hewa. Mzamiaji angelazimika kushuka mita 1,500 baharini ili akutane na msukumo wa namna hiyo.

Ndani ya kifuko umejikunja uzi mrefu, mwembamba, ulio wazi katikati. Umegeuzwa ndani nje, kama mkono wa kanzu uliovuliwa kwa haraka. Seli ikiguswa na kitu kinachoistahili, kifuniko kinafunguka, maji yanasukuma, na uzi unatoka huku ukijigeuza: kwanza vijiba vyenye ncha kali vinavyotoboa ngozi, kisha uzi wenyewe unaopita kwenye tundu hilo ukiwa na sumu. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani walipiga picha tendo hilo katika hidra kwa kamera iliyoweza kuchukua picha zaidi ya milioni moja kwa sekunde. Hatua ya kutoboa ilichukua kama nanosekunde 700, yaani chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mchapuko wake ulizidi mara milioni tano ule wa kitu kinachoanguka chini. Ni miongoni mwa mijongeo ya kasi zaidi iliyowahi kupimwa kwa kiumbe chochote, na hakuna msuli hata mmoja unaohusika.

Kifuko kikishafyatuka hakitumiki tena. Konyeza hukitupa na kutengeneza seli nyingine. Hilo nalo linaonyesha kwa nini asingependa kukupotezea wewe: kila kifuko kina gharama, na binadamu si chakula chake.

Hapo wapo wanaorukia upande wa pili na kusema kwamba basi seli hizi hufyatukia chochote zinachogusana nacho. Hapana. Kama ndivyo ingekuwa, minyiri ingejichoma yenyewe kila ikikutana. Mwaka 1942 Carl Pantin wa Cambridge alijaribu kwa anemoni, jamaa wa konyeza anayejishikiza mwambani. Alipomgusa kwa kijiti safi cha kioo, vifuko vichache tu vilifyatuka. Alipokipaka kijiti hicho majimaji ya chakula, vilifyatuka kwa wingi. Seli zilitaka mguso na ladha kwa pamoja. Mwaka 2020 watafiti wa Harvard walionyesha jinsi jambo hilo linavyotokea katika aina nyingine ya anemoni: mlango wa kalisi kwenye utando wa seli hubaki umefungwa kwa namna ambayo mguso peke yake hauwezi kuufungua, mpaka dalili za kemikali za windo ziuandae. Seli inapima kabla ya kufyatua, na inapima yenyewe, pale pale ilipo. Ngozi yetu, kwa bahati mbaya, huufaulu mtihani huo.

"Akishakufa hana neno."

Hili ndilo dai linalowatia watoto mashakani zaidi, kwa sababu konyeza aliyetupwa ufukweni anaonekana kama kipande cha plastiki kilichoyeyuka. Seli za kuchoma hazisubiri amri ya mnyama, kwa hiyo kifo cha mnyama hakizihusu sana. Kifuko kilishajazwa, kilishafungwa, na kanieneo imo ndani. Kitakaa hivyo mpaka kiguswe au kioze.

Julai 2010, kwenye ufukwe wa Wallis Sands mjini Rye, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, konyeza mkubwa aliyekwisha kufa alikatikakatika majini wakati waokoaji wakijaribu kumtoa. Vipande vyake viliwachoma watu karibu 150, wengi wao wakiwa watoto. Mnyama alikuwa mmoja, na alikuwa maiti.

Wavuvi wa nyavu wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mnyiri uliokatika hunata kwenye uzi wa wavu, unakauka juani, na kesho yake mtu anapoulowesha wavu na kuukung'uta, mikono na macho vinaanza kuwaka. Hakuna konyeza karibu, basi lawama zinakwenda kwa maji machafu au kwa mwani. Vifuko vilivyokauka vinaweza kurudiwa na uwezo wake vikilowa.

"Mwagia maji matamu. Yakikosekana, mkojo."

Kifuko kimezoea maji ya bahari, yenye gramu kama 35 za chumvi kwa kila kilo. Ukimimina maji ya bomba juu ya mguu uliochomwa, umeibadilisha chumvi inayoizunguka seli ghafla, na seli nyingi ambazo zilikuwa zimenata kwenye ngozi bila kufyatuka sasa zinafyatuka. Mtu anahisi maumivu yanapanda, anadhani sumu "inatembea", kumbe amejiongezea mwenyewe.

Mkojo una mashaka hayohayo. Mara nyingi chumvi yake ni pungufu kuliko ya bahari, hasa kwa mtu aliyekunywa maji ya kutosha, na hauna asidi ya kufikia kiwango cha kuzizuia seli. Ukipata nafuu, shukuru muda uliopita. Maumivu mengi ya konyeza hupungua yenyewe baada ya saa moja au zaidi, na dawa yoyote iliyotumiwa kipindi hicho hupewa sifa. Spiriti nayo isitumike. Kwa miaka mingi huko Australia ilipendekezwa rasmi, mpaka ilipojaribiwa na kuonekana kwamba inavifyatua vifuko kwa wingi.

Je, maji ya bahari? Hayavifyatui kama maji matamu, ingawa yanaweza kuvisogeza vifuko ambavyo bado havijafyatuka hadi kwenye ngozi iliyokuwa salama.

"Sugua mchanga mpaka utelezi utoke."

Kusugua ni kukandamiza, na kukandamiza ni njia mojawapo ya kuvifyatua. Taulo ni vilevile. Ukingo wa kisu au kadi ya benki, ambao vitabu vya huduma ya kwanza viliusifu zamani, ni vilevile. Mnyiri unaoonekana uondolewe kwa kibanio, ukiinuliwa juu badala ya kuburutwa. Hata bendeji ya kukaza, iliyotumika Australia kwa kuigwa kutoka kwenye tiba ya nyoka, iliachwa baada ya kuonekana kwamba inakamua sumu zaidi.

"Siki ni dawa ya konyeza."

Hapa ukweli umechanganyika, na ndiyo maana nitakaa kidogo. Mwaka 1980 watafiti watatu wa Australia, Hartwick, Callanan na Williamson, walichapisha majaribio yao juu ya Chironex fleckeri, konyeza-sanduku wa kaskazini mwa nchi hiyo, ambaye minyiri yake hufikia mita tatu na anaweza kumuua mtu kwa dakika chache. Waligundua kwamba siki ya kawaida ya jikoni inavizuia kabisa vifuko vyake ambavyo havijafyatuka. Tangu hapo ufukweni Queensland utakuta chupa za siki zimewekwa kwenye vibanda vyake kando ya mabango ya onyo.

Lakini soma tena: ambavyo havijafyatuka. Siki haiigusi sumu iliyokwisha kuingia, na haipunguzi maumivu. Inazuia hali isizidi, basi. Tena haifanyi hivyo kwa konyeza wote. Pelagia noctiluca, konyeza wa zambarau anayewasumbua waogeleaji wa Mediterania, amejaribiwa, na kwake siki imeonekana kuchochea vifuko badala ya kuvituliza. Kwa fisalia, yule wa buluu mwenye puto linaloelea juu ya maji, wataalamu wenyewe bado wanavutana: mwongozo wa Australia unaikataa siki, watafiti wa Hawaii walioandika mwaka 2017 wanaikubali. Mimi siwezi kumlaumu mtu wa Bamburi au Kigamboni kwa kutojua siki inafaa wapi wakati wanaoshinda maabara hawajaafikiana. Ninachokataa ni ile kauli ya mkato kwamba siki inatibu konyeza. Konyeza yupi?

"Weka barafu, itatuliza."

Barafu inatia ganzi, na ganzi ni kitu kizuri. Ila ikishindanishwa na maji ya moto, inashindwa vibaya. Mwaka 2006 lilichapishwa jaribio lililofanywa Australia kwa watu 96 waliochomwa na fisalia. Nusu walipewa pakiti za barafu, nusu wakatiwa kwenye maji ya nyuzijoto 45 kwa dakika 20. Baada ya dakika hizo, asilimia 87 ya waliotiwa maji ya moto walisema maumivu yamepungua. Kwa waliowekewa barafu, asilimia 33. Tofauti kubwa kiasi hicho ni nadra katika majaribio ya tiba ndogondogo.

Hawaii walikuwa wameshalinganisha, mwaka 2002, maji ya moto, siki na unga wa papaini, kimeng'enya cha papai ambacho wapishi hulainishia nyama. Maji ya moto yalishinda vyote viwili. Naitaja kwa sababu utomvu wa papai una sifa kubwa pwani kwetu, na wanaoutumia wana hoja inayosikika vizuri: papai hulainisha nyama kwa kuvunja protini, na sumu ya konyeza ni protini. Sawa, ila sumu iko chini ya ngozi na utomvu uko juu yake. Joto ndilo linalopenya, na protini nyingi za sumu haziwezi kulistahimili.

Kutekeleza hilo hakuhitaji hospitali. Chupa ya chai iliyojaa maji ya moto, beseni, na maji ya kupooza. Mtu ambaye hakuchomwa atie mkono wake kwanza, kwa sababu aliyechomwa yuko kwenye maumivu na anaweza kuungua asijue. Maji yawe ya moto kadiri ngozi inavyoweza kuvumilia bila kubabuka, kiungo kikae humo dakika 20 au zaidi, na yakipoa yaongezwe. Mgongo au kifua, ambavyo haviingii kwenye beseni, vikandwe kwa kitambaa kilicholoweshwa bila kusuguliwa.

"Ukichomwa mara nyingi mwili unazoea."

Kila kijiji cha wavuvi kina mzee anayemshika konyeza kwa mkono mtupu na kumtupa nje ya ngalawa huku vijana wakitazama kwa heshima. Sipingi kwamba anamshika. Ninapinga sababu inayotolewa. Kwanza, anamshika kwa juu, kwenye mwavuli, ambapo kwa konyeza wengi seli za kuchoma ni chache kuliko kwenye minyiri. Pili, kiganja cha mtu aliyevuta kamba miaka arobaini kina ngozi nene, na nyuzi za vifuko vingi ni fupi, hazifiki kwenye nyama hai. Upande wa ndani wa mkono wa mzee huyohuyo ni laini kama wa kila mtu. Mwombe ajaribu hapo. Au bora, kwa adabu, usimwombe.

Kuhusu mwili kuzoea, historia ya sayansi ina kisa kizima, na kilianzia kwa wanyama hawahawa. Mwaka 1901 Charles Richet, mwanafiziolojia wa Ufaransa, alisafiri na mwenzake Paul Portier katika meli ya utafiti ya Prince Albert I wa Monaco. Mwenye meli ndiye aliyewapendekezea waichunguze sumu ya fisalia. Waliporudi Ufaransa hawakuwa na fisalia, wakaendelea kwa sumu iliyotolewa kwenye minyiri ya anemoni. Walitaka jambo hasa ambalo mzee wetu analidai: mbwa apewe dozi ndogo, mwili ujizoeze, na dozi ya pili isimdhuru.

Mbwa mmoja, Neptune, alikuwa na nguvu na afya njema. Dozi ya kwanza ilipita bila shida. Wiki tatu hivi baadaye, akiwa mzima kabisa, akapewa kiasi kilekile. Baada ya sekunde chache alianza kuhema kwa shida, akalala ubavu, akatapika damu, na katika dakika 25 akafa. Dozi ya kwanza haikumkinga, ilimwandaa kufa. Richet aliliita jambo hilo anafilaksisi, na mwaka 1913 akapewa tuzo ya Nobel ya tiba. Leo daktari anayemdunga adrenalini mtoto aliyekula karanga na kuvimba koo anashughulika na kitu kilichogunduliwa katika kutafuta kinga dhidi ya fisalia na anemoni.

Simaanishi kwamba kila atakayechomwa mara ya pili atafikwa na hayo. Mbwa wale walidungwa sumu moja kwa moja mwilini, na kwa watu mshtuko wa namna hiyo baada ya kuchomwa na konyeza ni nadra. Lakini upo. Na kama kuna mtu ambaye mara ya kwanza alivimba uso au akabanwa na pumzi, yeye ndiye wa mwisho kuambiwa kwamba mara ya pili itakuwa rahisi.

"Wa kuogopwa ni wale wakubwa."

Nchini Japani huelea konyeza wenye uzito wa hadi kilo 200, na katika bahari baridi za kaskazini wapo wenye mwavuli wa mita mbili. Wanaumiza. Kuua ni nadra sana.

Sasa tazama upande wa pili. Waogeleaji wa maeneo ya Cairns, Australia, walikuwa wakipatwa na ugonjwa wa ajabu: mchomo mdogo ambao wengine hawakuujali, kisha nusu saa baadaye maumivu makali ya mgongo na tumbo, kutapika, jasho, shinikizo la damu kupanda, na hisia kwamba mtu anakufa sasa hivi. Mwaka 1952 daktari Hugo Flecker aliupa jina la Irukandji, kutokana na watu wa asili wa eneo hilo. Kisababishi hakikujulikana. Daktari mwingine, Jack Barnes, alikitafuta kwa miaka, na mwaka 1961 alimpata konyeza mdogo mwenye mwavuli wa sentimita moja hivi, angavu kiasi kwamba majini haonekani. Ili apate uhakika alijichoma mwenyewe, akamchoma mwanawe wa miaka tisa na kijana mwokoaji wa ufukweni. Wote watatu wakaishia hospitali. Kamati ya maadili ya utafiti ya leo ingeyarudisha maombi yake kabla ya kufika ukurasa wa pili, lakini swali lilijibika. Konyeza huyo sasa anaitwa Carukia barnesi.

Kinachoamua ukali ni aina ya sumu, urefu wa uzi na wingi wa vifuko vilivyofyatuka, wala si upana wa mwavuli. Kwa wenzangu wanaotazama video za Australia na kuogopa kuingia majini Diani: Chironex fleckeri si wa pwani yetu. Wapo wengine katika Bahari ya Hindi wanaoweza kumlaza mtu, fisalia akiwemo, ambaye upepo ukivuma kuelekea nchi kavu hutupwa ufukweni kwa makundi. Aliyechomwa akibanwa kifua, akishindwa kupumua, akitapika mfululizo au akizimia, habari za beseni ziachwe, apelekwe hospitali.

"Anayechoma baharini ni konyeza tu, na kila anayefanana na konyeza huchoma."

Madai mawili, yote hayasimami. Seli hizi ni alama ya kundi zima la nidaria, lenye spishi zaidi ya 10,000. Matumbawe yamo. Tumbawe lililotulia mwambani mchana hutoa minyiri yake usiku kuvua vijidudu, na matumbawe jirani yanayogombea nafasi huchomana hadi moja life. Matumbawe moto, ya rangi ya haradali, humbabua mpiga mbizi aliyejishika hapo ili asichukuliwe na mkondo. Kuna pia hidroidi, wanyama wanaoonekana kama manyoya au majani membamba, ambao mtu anapita katikati yao akidhani ni mwani, kisha anajikuna wiki nzima. Na kuna konyeza Cassiopea, anayelala chali kwenye maji machache ya mikoko. Huyu hata kumgusa si lazima: hutoa ute wenye vijibonge vidogo vilivyojaa seli za kuchoma, vinavyoogelea vyenyewe. Vilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2020, ingawa waogeleaji walikuwa wameshalalamikia "maji yanayowasha" muda mrefu kabla ya hapo.

La kushangaza kuliko yote ni miksozoa, vimelea vya samaki vyenye seli chache tu. Kwa zaidi ya karne viliwekwa pamoja na vijidudu vya seli moja. Kilichowatia wanasayansi wasiwasi ni kifuko kimoja kidogo kwenye spora zao za uzazi, chenye uzi uliojikunja na kanieneo ndani. Kilikuwa nematosisti. Uchunguzi wa vinasaba ukathibitisha: ni jamaa wa konyeza waliopunguza mwili mpaka karibu kila kitu kikaondoka. Kifuko hawakukiacha, maana ndicho wanachojishikizia kwa samaki.

Kwa upande mwingine, yale matone angavu yenye safu za nywele zinazometameta rangi za upinde wa mvua, ambayo watoto huyaita konyeza, ni tenofora. Hawana seli za kuchoma. Wanakamata chakula kwa seli zenye gundi.

"Wapo viumbe ambao sumu ya konyeza haiwahusu kabisa."

Mfano unaotolewa daima ni wale samaki wadogo wenye mistari wanaoishi ndani ya anemoni, ambao wapo pia katika miamba yetu. Kinachowakinga kwa kiasi kikubwa ni utelezi wa ngozi yao, ambao una upungufu wa zile kemikali ambazo seli za anemoni huzitumia kutambua windo. Seli hazifyatuki. Sumu ingewahusu kama ingewafikia.

Konokono wa buluu anayeitwa Glaucus atlanticus ana mbinu ya juu zaidi. Anaelea juu ya bahari akiwa chali, urefu wake kama sentimita tatu, na chakula chake ni fisalia. Vifuko vya fisalia anavimeza bila kufyatuka, vinapita tumboni, na vinahifadhiwa kwenye ncha za vidole vyake vya pembeni, tayari kwa matumizi yake. Ndugu zake wengi katika jamii ya konokono wasio na gamba hufanya hivyohivyo, na uchunguzi wa baadhi yao umeonyesha kwamba vifuko wanavyovihifadhi vingi ni vichanga, ambavyo humalizia kukomaa ndani ya mwili wa mwizi. Yupo hata tenofora mmoja, Haeckelia, anayewaibia nidaria vifuko na kuvitumia. Kifuko kinahamia kwa mnyama asiye na undugu wa karibu na konyeza, na kinafyatuka kama kawaida.

Glaucus ni mzuri mno kwa macho, na upepo unaoleta fisalia ufukweni humleta na yeye. Picha nyingi zake mtandaoni zinamwonyesha akiwa kwenye kiganja cha mtu. Kiganja, tumeshaona, kina ngozi nene. Asipewe mtoto amshike.